Insulesheni kwenye boksi la chimni: nijaze, niache wazi, ama niishie kwa dari?

Dada mmoja wa hapa Minnesota ameniuliza swali, nalifupisha. Wanaongeza fayapleisi ya kuni, yaani meko ya kupashia nyumba joto, sebuleni, ile ya chuma inayotoka kiwandani, siyo ya kujengwa kwa matofali. Nje ya ukuta fundi ameshasimamisha boksi la mbao la kupitishia bomba la moshi, linapanda orofa mbili mpaka juu ya paa, na chini halijagusa ardhi, limening'inia tu kwenye joisti, zile boriti za sakafu, zilizotokeza nje. Shemeji yake anasema lijazwe insulesheni, yaani pamba au povu la kuzuia joto kupita, lote mpaka bomba lifunikwe ndo joto lisipotee. Fundi anasema liachwe tupu, moto utajipasha wenyewe. Jamaa wa dukani akamwambia weka mpaka usawa wa dari ya sebule basi inatosha. Na waya za TV je, zinaweza kupita humo humo? Afuate nani?

Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla hamjafunga huo ukuta, manake ukishafungwa kurekebisha ni kubomoa. Shemeji nia yake ni nzuri lakini anachosema ni hatari kabisa, msikifanye. Fundi naye hapana, hiyo nyumba itawatesa kila Januari. Jamaa wa dukani ndo yuko karibu na ukweli, ila kwa baridi ya huku na kwa boksi lililo nje ya nyumba mimi ningepanda zaidi ya pale alipoishia.

Watu wengi wanaliona hili boksi kama sehemu ya chimni, na makosa yote yanaanzia hapo. Boksi ni sehemu ya nyumba. Mkitoboa ukuta wa sebule mkaingiza fayapleisi kwenye lile tundu, basi ukuta wa nje umehama, sasa ukuta wa nje ni zile pande tatu za boksi pamoja na sakafu yake na kifuniko chake cha juu. Fayapleisi yenyewe ni bati na matofali membamba ya kukinga moto, haizuii baridi. Kwa hiyo kazi yako ni kuufanya ukuta wa boksi uwe sawa na ukuta mwingine wowote wa nje wa nyumba, wenye insulesheni, wenye kuzuia hewa, uliofunikwa vizuri, alafu katikati humo fayapleisi na bomba vikae peke yake bila kuguswa na kitu. Insulesheni inakaa ukutani. Kwenye bomba haiendi, labda ile ambayo kiwanda chenyewe kimeiweka ndani ya bomba.

Nianze na shemeji manake hapo ndo nyumba zinaungua. Kila bomba na kila fayapleisi ya kiwandani imepimwa, fayapleisi za aina hii hapa Marekani zinapimwa kwa kiwango kinaitwa UL 127, na inapopimwa inapimwa na nafasi ya hewa kati ya chuma na mbao. Kwa bomba nyingi hiyo nafasi ni inchi 2 kila upande, yako itakuwa imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo na mara nyingi kwenye lebo ya bomba lenyewe. Ile hewa ndo kinga. Inazunguka, inachukua joto la bomba na kuliondoa kabla halijafika kwenye mbao. Ukiijaza insulesheni joto halina pa kwenda, linajikusanya pale pale, na bomba linakuwa moto kuliko lilivyopimwa.

Najua shemeji atasema pamba ya mawe, yaani Rockwool, haiungui, na ni kweli haiungui, inavumilia zaidi ya nyuzi 1000 za Selsiasi. Lakini wasiwasi siyo pamba kuungua, wasiwasi ni mbao iliyo upande wa pili wa pamba. Mbao ikipashwa joto la wastani mwaka baada ya mwaka inakauka, inabadilika rangi, inaanza kuwa mkaa taratibu bila mtu kuona, na mbao iliyofika hali hiyo inaweza kushika moto kwenye joto ambalo ilipokuwa mpya isingejali. Ndo maana utasikia nyumba imewashiwa kuni miaka kumi salama salimini, alafu usiku mmoja wa baridi kali watu wanawasha moto mkubwa na ukuta unawaka kwa ndani. Na hapo sijasema masizi yakishika moto ndani ya bomba, joto lake linaweza kupita nyuzi 2000 za Fahrenheit, karibu 1100 za Selsiasi. Kwa hiyo ndani ya zile inchi 2 hakuna kitu kinaruhusiwa, hata kile kisichoungua, hata kipande cha nailoni, hata waya. Hapo ndo jibu la TV pia: waya za TV na za umeme zipitishe ukuta mwingine, siyo ndani ya boksi. Kama kuna feni ya fayapleisi inayohitaji umeme, ule waya una njia yake na boksi lake la umeme, fuata kitabu.

Juu ya fayapleisi yenyewe utaona vijiguu vya chuma vimesimama, fundi asivikunje wala kuving'oa. Viko pale ili mbao ya fremu isiweze kusogea karibu. Na eneo lile juu ya fayapleisi, kati ya vijiguu, usiweke insulesheni hata kidogo. Nimeshakuta watu wamelaza faibaglasi juu ya fayapleisi kama blanketi, ile yenye karatasi ya kahawia, na ile karatasi inaungua vizuri sana.

Sasa fundi anayesema liachwe tupu. Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, tuko ukanda wa 6 wa hali ya hewa, kaskazini ya jimbo ni wa 7, usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri za Fahrenheit, yaani kama 29 chini ya sifuri za Selsiasi, siyo ajabu. Boksi tupu maana yake ni kwamba kati yako na hiyo baridi kuna OSB, yaani mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi, saidingi, yaani ubao wa kufunika ukuta kwa nje, na bati la fayapleisi. Moto unawaka masaa manne matano kwa siku, baridi inakaa masaa yote yaliyobaki, kwa hiyo hilo la "moto utajipasha" halina hesabu. Utasikia upepo miguuni ukikaa karibu, vioo vya fayapleisi vitakuwa vya baridi, na fanesi, mashine ya kupasha nyumba nzima joto, itafanya kazi usiku kucha.

Na kinachoniumiza zaidi ni unyevu, huo watu hawauoni mpaka baadaye. Hewa ya joto ya nyumba inapanda, inatafuta pa kutokea juu, na boksi la orofa mbili lenye nyufa ni njia rahisi kuliko zote. Hiyo hewa imebeba mvuke wa kupika, wa kuoga, wa watu kupumua. Ikigusa OSB iliyoganda inageuka barafu kwa upande wa ndani, inajijenga wiki baada ya wiki, alafu Machi joto likirudi inayeyuka yote kwa mpigo, maji yanashuka, jipsamu, zile bodi za kufunika kuta kwa ndani, inaota madoa na mwenye nyumba anaita fundi wa paa akidhani paa linavuja. Paa halina shida yoyote. Kuziba hewa ni muhimu kuliko hata unene wa insulesheni, na nikilazimishwa kuchagua kimoja nitachagua kuziba.

Baridi inaharibu pia moto wenyewe. Bomba na fayapleisi vikiwa vimeganda, hewa iliyo ndani ya bomba ni nzito, inashuka badala ya kupanda, ukiwasha kuni moshi unarudi sebuleni. Na bomba likiwa la baridi moshi unapoa kabla haujatoka, ukishuka chini ya nyuzi kama 250 za Fahrenheit, 121 za Selsiasi, unaacha kreosoti, ile lami nyeusi inayonata kwenye kuta za bomba ambayo ndo inakuja kuwaka.

Haya, kinachofaa sasa. Pande tatu za boksi mzijaze insulesheni katikati ya mbao za fremu kama ukuta wa kawaida. Kama fremu ni ya mbao za 2x6 pamba ya mawe ya inchi 5 na nusu inakupa R-23 (R ni kipimo cha kuzuia joto, namba kubwa ndo bora), kama ni 2x4 utapata R-15, na hapo kwa ukanda wetu ni haba kidogo, ukuta mpya wa huku unatakiwa kuzunguka R-20, kwa hiyo kama ni 2x4 ongeza bodi ya povu kwa nje chini ya saidingi, nje kabisa, mbali na joto. Mimi napenda pamba ya mawe kwa kazi hii, inakaa imara kati ya mbao, haijikunji, na haina karatasi. Faibaglasi ikatwe vizuri nayo inafanya kazi, nafuu pia. Spreyi ya povu ndani ya boksi la kuni mimi siipendi, inaziba hewa vizuri sana kweli, lakini inaungua na moshi wake ni sumu, kwa hiyo kama mtu ameshaipuliza basi lazima ifunikwe yote na jipsamu ya nusu inchi bila kubakiza sehemu.

Juu ya insulesheni, kwa upande wa ndani ya boksi, ndo upande wa joto, inakuja nailoni ya kuzuia mvuke, maungio yake yamebandikwa na kingo zimezibwa kwa silanti, ile gundi ya kuziba nyufa. Hapo kwanza soma kitabu cha fayapleisi kinasemaje kuhusu nailoni. Alafu juu ya nailoni jipsamu ya nusu inchi, pande zote, maungio yapigwe tepu na kompaundi. Si lazima ipakwe rangi, hakuna atakayeiona, lakini isiachwe. Jipsamu ndo inazuia hewa, inafunika vitu vinavyoungua, na inahakikisha insulesheni haitaanguka. Pamba isiyofunikwa miaka ikipita inalegea, kipande kimoja kinadondoka kinaegemea bomba, na tunarudi kwa yale ya shemeji ingawa hakuna aliyekusudia.

Pima tena baada ya jipsamu. Hili linawakamata mafundi wazuri kabisa, wanapima boksi mbao kwa mbao, wanasahau kwamba jipsamu inakula nusu inchi kila upande. Kwa mfano bomba la inchi 8 kwa ndani lenye insulesheni ya kiwandani ya inchi 1 ni inchi 10 kwa nje, ongeza inchi 2 za hewa kila upande, tundu linalopitisha bomba halitakiwi kupungua inchi 14. Na fayapleisi yenyewe ina upana wake na nafasi zake pembeni na nyuma. Ikikosekana nusu inchi ni kubomoa fremu, kupunguza kinga hairuhusiwi.

Insulesheni ipande mpaka wapi? Jamaa wa dukani anasema dari ya sebule, na vitabu vingi vinakubali hiyo kama kiwango cha chini. Lakini kwako boksi linaendelea kupanda limeegemea chumba cha juu, na bomba litakuwa linapita futi nyingi kwenye baridi. Mimi ningeweka insulesheni na jipsamu mpaka usawa wa dari ya orofa ya pili, pale ambapo insulesheni ya dari ya nyumba iko, na hapo ndo nifunge kifuniko. Juu ya hapo, sehemu inayopita paa, iwe ya baridi tu, haina faida kuipasha. Gharama inaongezeka kidogo, shiti chache za jipsamu na mifuko ya pamba, ila bomba linakaa kwenye hewa ya vuguvugu, moto unashika haraka, kreosoti inapungua. Ukuta wa zamani kati ya boksi na chumba cha juu msiuguse, uacheni na insulesheni yake.

Kila mahali boksi linapovuka usawa wa sakafu au dari panatakiwa kizuizi cha moto, ile sahani ya bati yenye tundu la bomba inayotoka kwa kiwanda hicho hicho cha bomba. Bila hiyo boksi zima ni njia ya moto kupanda kutoka chini mpaka paa kwa dakika chache. Nafasi kati ya sahani na fremu zibeni kwa silanti ya kuvumilia joto kali, na msitumie ile povu ya kopo ya rangi ya chungwa, inaandikwa ya kuzuia moto lakini haikutengenezwa kugusana na bomba la moshi. Kwenye kifuniko cha juu kabisa, kati ya sehemu ya joto na ya baridi, weka jipsamu na plaiwudi, sahani ya bati, na ile kola ndefu ya bati inayozuia insulesheni isifike kwenye bomba, inatakiwa itokeze juu ya insulesheni. Ndo sasa mnaweza kulaza pamba kuizunguka kola, nene kama ya dari ya nyumba, kwetu R-49.

Sakafu ya boksi, dada, kwa kuwa limening'inia, usikubali ipuuzwe. Hewa baridi inapiga kwa chini masaa 24. Kati ya joisti jaza angalau R-30 igusane na plaiwudi ya juu, kusiwe na uwazi, na chini funga plaiwudi ya kuhimili mvua, kila kiungo na silanti. Na umuulize fundi kama zile joisti zimepigiwa hesabu ya uzito, manake fayapleisi ya kuni na mapambo ya mawe mbele yake ni pauni mia kadhaa na wakati mwingine zaidi ya elfu.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: fremu, insulesheni, nailoni, jipsamu, tepu, ndo fayapleisi iingizwe. Hakuna mtu anaweza kupiga jipsamu nyuma ya fayapleisi iliyokaa tayari, na nyuma ndo kunapitisha baridi zaidi. Fundi akikwambia tutaiingiza kwanza alafu tutamalizia pembeni, mwambie asubiri.

Kama bomba bado hamjanunua, muulize muuzaji fayapleisi yenu imeruhusiwa bomba gani. Kuna bomba linalopozwa na hewa, lina kuta mbili au tatu na hewa ya nje inashuka katikati yake, ni nafuu lakini kwa baridi yetu linaleta ubaridi mpaka juu ya fayapleisi. Na kuna lile lenye insulesheni ya kiwandani ndani ya kuta zake. Kama kitabu kinaruhusu la pili, ongeza hela mchukue hilo, kwa boksi la nje inalipa. Ila msichanganye bomba la kampuni nyingine kwa sababu limekaa vizuri tu, fayapleisi imepimwa na bomba lake.

Hewa ya kuchomea kuni nayo iletwe kutoka nje kwa dakti, yaani bomba la hewa, yake. Nyumba za sasa zimebana, ukiwasha feni kubwa ya jikoni na mashine ya kukausha nguo kwa wakati mmoja nyumba inavuta hewa popote inapoipata, na bomba la moshi ndo tundu kubwa kuliko yote. Hiyo dakti isianzie gereji wala besimenti, ianzie nje, mahali theluji haitaifunika, na pale inapopita ukutani ifungwe insulesheni na kuzibwa, la sivyo umetoboa tena ulichoziba. King'ora cha kaboni monoksaidi sheria ya Minnesota inataka kiwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, hakikisheni kipo na betri nzima kabla ya moto wa kwanza.

Juu kabisa ya boksi kunakaa bati la kufunika, liwe stenlesi, la mabati ya kawaida litashika kutu na kudondosha maji ndani ya kazi yote hii nzuri. Liwe na mteremko maji yasitulie, kingo zishuke nje ya saidingi. Kama bomba ni la kupozwa na hewa kuna matundu ya kupumulia pale juu, usimruhusu mtu ayazibe kwa silikoni akidhani anasaidia. Na kimo, bomba litokeze angalau futi 3 juu ya pale linapotoboa paa, na liwe futi 2 juu zaidi ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10.

Kibali cha mji chukueni kama hamjachukua, na inspekta aje kabla mapambo ya mbele hayajafungwa. Mwambie fundi apige picha kila hatua, pamba ikiwa wazi, jipsamu, kila sahani ya bati na futi ya kupimia imewekwa kati ya bomba na mbao namba zikionekana. Hizo picha utazihitaji na inspekta, na kampuni ya bima, na mtu wa kusafisha chimni kila mwaka, na siku ukiuza nyumba.

Nitumie namba ya modeli ya fayapleisi na ya bomba, viko kwenye lebo ya chuma, niangalie nafasi zake kabla fundi hajapiga jipsamu.